Mchunga au sumu? Mwongozo kamili wa kuutambua mchunga na ndugu zake wenye maua ya njano, Nyanda za Juu Kusini

Kuanzia Desemba hadi Mei, ukitoka Uyole kwenda Isyonje, au ukiingia barabara za vumbi za Mufindi na Njombe, malisho na kingo za mashamba huwa njano tupu. Na kila msimu swali hurudi lile lile: picha ya ua la njano lililopigwa kwa juu, chini yake maneno mawili tu, "Ni mchunga?" Anayeuliza anataka kujua kama ni ile mboga chungu ya porini.

Picha ya namna hiyo haijibiki. Ukiitazama kwa juu, mimea mingi ya huku inafanana, na kati yake imo inayoharibu ini la anayeila.

Wanaokosea si wavivu. Wanaanza na rangi, basi. Rangi ya ua ndiyo dalili dhaifu kuliko zote, kwa hiyo humu tutaanzia kwenye utomvu, tupite nyuma ya ua, tushuke kwenye majani na mzizi, tumalizie kwenye mbegu. Jina ndilo la mwisho.

## Vitu vya kuwa navyo

- Wembe au kisu kidogo chenye makali.
- Lenzi ya mkono ya kukuza mara 10. Ukiikosa, piga picha ya karibu kwa simu, kisha uikuze kwenye kioo.
- Rula ya shule.
- Jembe dogo la bustani.
- Daftari na kalamu ya risasi. Wino huchuruzika mvua ikinyesha, na huku itanyesha.
- Bahasha za kaki kwa ajili ya mbegu.
- Magazeti ya zamani, vipande viwili vya boksi gumu na kamba.
- Vigingi vichache vya mti, kila kimoja na kitambaa chekundu. Kazi yake utaiona mwishoni.
- Maji na sabuni ya kunawa.

Programu ya simu ya kutambua mimea si lazima. Nyingi zimefunzwa zaidi kwa picha za Ulaya na Marekani, na ukizionyesha ua la njano zinakimbilia kutaja mmea wa kule. Kama unayo, ifungue baada ya hatua ya nane, si kabla.

## Maneno matatu ya kushika

Unachokiita ua moja, katika jamii hii ya alizeti, ni mkusanyiko wa vijiua vingi vilivyobanana. Kijiua kinaweza kuwa ulimi, yaani kipande bapa na kirefu, au mrija, yaani kibomba kidogo kilichosimama katikati ya ua. Vyote vimeshikwa na kikombe cha kijani, na kikombe hicho kimeundwa kwa magamba, vile vijani vidogo unavyoviona ukiligeuza ua.

Ukitofautisha ulimi, mrija na gamba, kazi iliyobaki ni uvumilivu.

## Hatua ya 1: Nenda saa yake, mahali pake

Mchunga na ndugu zake hufungua maua asubuhi na kuyafumba mchana jua likishakuwa kali. Ukienda saa tisa alasiri utayakuta yamefumba, udhani hayajachanua bado. Siku ya ukungu au manyunyu yanaweza yasifunguke kabisa. Nenda saa tatu hadi saa tano asubuhi, siku ya jua. Njombe na Makete subiri kwanza ukungu uondoke.

Tafuta kingo za mashamba, mashamba yaliyolazwa na udongo uliovurugwa kando ya njia. Mchunga wa kweli, Launaea cornuta, unapenda ardhi iliyoguswa na jembe. Kadiri unavyopanda kwenye baridi, uwezekano wa kuukuta unapungua, na ndugu zake pamoja na mimea ya kufananishwa nao huongezeka. Kwenye uwanda wa Kitulo, karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, usiutarajie.

Usichukue mmea mmoja. Tafuta mitatu ya aina moja kwenye eneo lile lile: mchanga, wenye ua, na uliokwisha kufunga mbegu. Makosa mengi huanzia kwa mtu aliyeshika jani moja akataka jina.

Tahadhari. Usichume kwenye mashamba ya viazi yanayopigwa dawa ya ukungu, hata kama mchunga umejaa tele. Huku viazi hupigwa dawa mara nyingi katika msimu mmoja, na dawa haichagui jani la kiazi na la mboga. Na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, ambayo wengi huiita Bustani ya Mungu, piga picha tu. Eneo lile lilifanywa hifadhi mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake hasa, baada ya miaka mingi ya watu kuchimba viazi vya okidi vinavyopelekwa Zambia kutengenezwa chikanda, chakula cha kule. Askari wa hifadhi akikukuta na jembe mkononi hataanza kwa kukuuliza kama unatafuta mboga.

## Hatua ya 2: Piga picha kabla ya wembe

Ua likikatwa hunyauka upesi, na jani likitoka kwenye shina huwezi tena kueleza lilikaaje. Piga mmea mzima ukiwa na rula pembeni. Jani likiwa bado limeshika shina. Ua kwa mbele. Ua kwa nyuma. Na ardhi inayouzunguka.

Umefaulu kama mtu ambaye hakuwepo anaweza kuiangalia picha akajua majani yanatoka mawili mawili kwa kuelekeana, au moja moja kwa kupokezana.

## Hatua ya 3: Jaribio la utomvu

Kata shina katikati kwa wembe. Kata na jani moja karibu na kitako chake. Tazama hapo hapo, usisubiri.

Mchunga na ndugu zake wote hutoa utomvu mweupe kama maziwa kila unapokatwa: shina, jani, mzizi. Ukikauka kwenye vidole huwa kahawia na kunata. Mmea uliotoa maji maji tu si mchunga, hata ua lake lifanane vipi. Hapo umeshaondoa Senecio, ule wa kuharibu ini, umeondoa alizeti pori, umeondoa kishonanguo.

Wakati wa kiangazi mmea uliopigwa na jua hutoa utomvu kidogo sana. Kabla ya kuukataa, kata tena chini kabisa, karibu na ardhi, au chubua mzizi.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu hupata ujasiri wasioustahili. Utomvu mweupe hauthibitishi kwamba mmea unaliwa. Mnyaa wa uani unatoa utomvu mweupe na ni sumu, na una ndugu wadogo wadogo wanaoota mashambani kama magugu. Utomvu wao ukiingia jichoni ni shughuli ya hospitali. Jaribio hili ni la kuondoa tu. Mmea uliopita hapa umeruhusiwa kuingia hatua ya nne, hakuna zaidi.

Nawa mikono kabla ya kugusa uso.

## Hatua ya 4: Pasua ua

Hii ndiyo hatua inayotoa uamuzi kuliko zote, na ndiyo wengi wanaoiruka.

Chukua ua lililofunguka vizuri. Lipasue katikati kwa kucha, kuanzia kwenye kikonyo kwenda juu, upate nusu mbili. Weka nusu moja kwenye karatasi nyeupe. Chomoa vijiua kimoja kimoja, ukianza pembeni kuelekea katikati, uvipange kwenye mstari.

Kwa mchunga na ndugu zake, vyote ni ndimi. Cha pembeni ni ulimi, cha katikati ni ulimi, tofauti ni urefu tu. Weka lenzi kwenye ncha ya ulimi mmoja: utaona meno madogo matano. Meno hayo ni alama ya ukoo mzima, kuanzia mchunga hadi saladi ya bustanini.

Kwa Senecio utapata vitu viwili tofauti. Pembeni kuna ndimi chache, katikati kumejaa mirija, na kila mrija umefunguka juu kwa ncha tano. Zipo Senecio zisizo na ndimi kabisa, mirija mitupu. Kwa vyovyote, ukikuta mrija hata mmoja katikati, simama. Huo si mchunga.

Kosa la kawaida hapa ni kupasua ua bichi ambalo katikati bado limefumba. Ndimi changa zilizojikunja huonekana kama mirija. Chomoa moja uifungue kwa ncha ya wembe: ulimi utatanuka ukawa bapa, mrija utabaki bomba.

Huku ukiwa umeinama, hesabu vijiua. Ua la mchunga ni jembamba na lina ndimi chache, unazimaliza kuhesabu bila kuchoka. Ua la Sonchus, ndugu yake wa karibu, limesheheni; kwa Sonchus oleraceus huanzia kama 80 na kuzidi. Hiyo peke yake mara nyingi inawatenganisha hata kabla hujaangalia jani.

Umefaulu kama una safu ya ndimi kwenye karatasi, zote zina meno matano, na hakuna mrija.

## Hatua ya 5: Geuza ua

Angalia kikombe. Je, magamba yamepangwa safu moja, yote urefu mmoja, au yamepandana, mafupi nje na marefu ndani?

Senecio ana safu moja iliyonyooka, gamba na gamba zimesimama bega kwa bega, na chini kabisa kuna vigamba vichache vidogo sana. Mara nyingi ncha za magamba ni nyeusi, zinaonekana hata bila lenzi. Crassocephalum, jamaa wa Senecio, naye kikombe chake kimepangwa hivyo hivyo.

Mchunga magamba yake yamepandana, na kingo za kila gamba ni nyembamba, nyeupe, karibu zipitishe mwanga. Kikombe chenyewe ni chembamba na kirefu. Cha Sonchus kitako hunenepa ua likishafumba, huku sehemu ya juu imebana, na mara nyingi chini yake kwenye kikonyo kuna utando mweupe wa pamba unaotoka ukiusugua kwa kidole.

Kama ulikata tamaa kwenye hatua ya nne kwa sababu maua yalikuwa yamefumba, hatua hii itakuokoa. Mpangilio wa magamba unaonekana hata ua likiwa limefumba.

## Hatua ya 6: Majani, hasa kitako chake

Kwanza mpangilio. Majani yanayoelekeana mawili mawili hukutoa moja kwa moja nje ya ukoo wa mchunga. Kishonanguo (Bidens pilosa) yako hivyo. Guizotia scabra, ambayo ua lake la njano hudanganya wengi kwenye nyasi za milimani, nayo huyaelekeza mawili mawili, na yanakwaruza ukiyapapasa.

Ya mchunga hupokezana kwenye shina, na chini hutandaa duara juu ya udongo. Ni membamba, rangi ya kijani iliyofifia kuelekea kijivu, hayana manyoya. Mengi yana vipande vyembamba viwili vitatu kila upande, ncha zimeelekea nje au zimerudi nyuma kuelekea shina. Lakini usishangae ukikuta mmea wenye majani yasiyokatika kabisa. Mchunga hubadilika sana sehemu na sehemu, ndiyo maana umbo la jani peke yake halitoshi kamwe.

Kilicho imara zaidi ni kitako. Jani la shinani la mchunga halina kikonyo. Limelikumbatia shina kwa masikio mawili yenye ncha. Vuta jani taratibu kuelekea chini lichomoke na masikio yake, uyatandaze kwenye kucha ya kidole gumba.

Masikio hayo hayo ndiyo yanayowatenganisha ndugu wawili wanaosumbua zaidi:

Sonchus oleraceus: masikio yamechongoka, yananyooka nje. Jani ni laini, na kipande chake cha mwisho ni kikubwa, cha pembe tatu.

Sonchus asper: sikio ni la mviringo, limejikunja kama pembe la kondoo dume. Jani ni gumu, linang'aa, na kingo zake zina miiba inayochoma kweli kweli.

Ukishika jani na kusema "aah", huyo ni asper. Hapo kazi imeisha.

## Hatua ya 7: Mzizi

Chimba mmoja tu, nje ya hifadhi, na kwa idhini ya mwenye shamba. Chimba pembeni, usivute.

Mchunga ni wa kudumu. Utakuta mizizi myeupe inayotambaa chini kwa mlalo, inayokatika upesi, na kila kipande kilichobaki ardhini kinaweza kuchipua upya. Mkulima yeyote aliyewahi kupambana nao kwa jembe anaijua tabia hiyo. Sonchus oleraceus na asper ni ya msimu: mzizi mkuu mmoja, umeshuka wima, unatoka mzima ukilegeza udongo.

Fukia shimo.

## Hatua ya 8: Mbegu

Kata kikonyo chenye maua yaliyofumba baada ya kuchanua, ambayo juu yake yameanza kuchungulia manyoya meupe. Kitie kwenye bahasha ya kaki, uiache nyumbani penye hewa. Baada ya muda mfupi bahasha itajaa manyoya na mbegu. Usitumie mfuko wa nailoni: unyevu utaozesha kila kitu.

Weka mbegu chini ya lenzi.

Ya Sonchus oleraceus ni bapa, ina mistari ya urefu, na juu ya mistari hiyo kuna makunyanzi ya mkingamo. Ya Sonchus asper ina mistari, lakini katikati ya mstari na mstari ni laini kabisa. Hii ndiyo tofauti ambayo haibishaniwi, hata pale majani ya mmea mmoja yanapofanana na ya mwingine. Ya mchunga ina mistari ya urefu, na manyoya yametoka moja kwa moja kichwani mwa mbegu.

Ukikuta manyoya yamesimama juu ya kishikio chembamba kilichorefuka kutoka kwenye mbegu, uko kwa binamu mwingine: saladi, au dandelioni.

## Sasa mpe jina

Mchunga, Launaea cornuta. Utomvu mweupe, ndimi tupu na chache, kikombe chembamba chenye magamba ya kingo nyeupe, masikio yenye ncha, mizizi inayotambaa. Maua yametawanyika kwenye matawi membamba, juu karibu hakuna jani. Dalili zote tano zikubaliane. Nne hazitoshi kwa mtu anayekwenda kuweka sufuria jikoni.

Sonchus oleraceus na Sonchus asper. Kwa wengi vijijini hawa nao ni mchunga tu, na wanaliwa. Asper hadi miiba ikatwe, na ukiniuliza mimi, haina faida ya usumbufu huo. Wafugaji wa sungura wanawajua vizuri. Huko juu milimani zipo Sonchus nyingine za asili, ndefu, zenye maua makubwa zaidi. Hizo ziache zilipo, utambuzi wake unahitaji mtu wa fani.

Saladi iliyopanda. Ndiyo, ile ile ya bustanini, Lactuca sativa. Ikiachwa hurefuka, hutoa utomvu na vijiua vidogo vya njano hafifu. Ukikuta "mchunga" umenyooka kwenye mstari ndani ya tuta la mboga, uliza kwanza nani alipanda nini.

Crepis. Wenyeji wa nyasi za milimani. Ndimi za njano tupu na utomvu upo, lakini majani karibu yote yako chini na mabua yamesimama matupu. Ukiwa kwenye nyasi ambazo hazijawahi kulimwa, fikiria Crepis kabla ya mchunga.

Dandelioni, Taraxacum. Ua moja tu juu ya bua moja tupu lenye uwazi ndani, majani yote chini. Kama bua limegawanyika matawi au lina jani, si yeye, hata programu ya simu isisitize vipi.

## Wasio ndugu, wenye sura ya ndugu

Senecio ndiye wa kumwogopa. Aina nyingi za jamii hii zina sumu za kundi la pirolizidini zinazoshambulia ini. Ubaya wake ni kwamba haiumi siku hiyo. Mtu anaweza kula kidogo kidogo kwa wiki nyingi bila kuona kitu, ini likidhurika polepole, na tumbo likianza kujaa maji hakuna anayekumbuka mboga. Kuchemsha na kumwaga maji hakuiondoi sumu hii kwa kiwango cha kutegemewa.

Msemo wa "mbona mbuzi wanakula" usikudanganye. Kondoo, mbuzi na sungura huvumilia sumu hii kuliko ng'ombe, farasi na nguruwe. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa Mbeya au Njombe ana sababu ya kuujua mmea huu kama mla mboga, hasa anapokata majani ya kukausha, kwa sababu ukikauka kwenye mtumba wa nyasi ng'ombe hawezi tena kuubagua, na sumu inabaki.

Crassocephalum: mirija mitupu, njano hadi chungwa au nyekundu ya matofali. Zipo sehemu wanazozila baadhi yake. Ziko upande wa Senecio kwa ukoo na zina sumu za kundi lile lile, kwa hiyo mimi sizipendekezi.

Alizeti pori, Tithonia diversifolia: inapita kimo cha mtu, ua kubwa. Haichanganywi na mchunga isipokuwa miche yake.

Ranunculus multifidus, wa kwenye majimaji: petali tano zinazong'aa. Si jamii ya alizeti kabisa. Maji yake mabichi hubabua ngozi.

## Ukikwama: tengeneza sampuli

Chukua mmea wenye ua, jani la chini, jani la shinani na sehemu ya mzizi. Utandaze ndani ya gazeti, jani moja ligeuzwe ili upande wa chini uonekane. Pasua ua moja ulilaze karibu. Funga kati ya maboksi mawili, kaza kwa kamba, weka kitu kizito juu. Badilisha gazeti kila siku hadi mmea ukakamae. Kwa unyevu wa huku ukisahau siku mbili tatu utafungua ukungu.

Andika kwenye karatasi yale ambayo mmea mkavu hautasema: rangi ya utomvu, rangi ya ua likiwa bichi, kimo, kijiji na wilaya, mwinuko kama simu inaonyesha, tarehe, na aina ya ardhi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hazina ya mimea iliyokaushwa, na ipo Hazina ya Taifa ya Mimea Arusha. Sampuli isiyo na maelezo hayo huwa vigumu kuitumia hata kwa mtaalamu.

## Ukitaka kula: kigingi kwanza

Hapa kuna mtego. Majani matamu ya mchunga ni machanga, kabla ya ua. Lakini utambuzi wote ulioufanya umetegemea ua. Suluhisho liko kwenye mzizi.

Msimu huu, ukiwa na mmea wenye ua na umepita hatua zote nane, piga kigingi chenye kitambaa pale pale. Kwa kuwa mchunga ni wa kudumu na unachipua toka kwenye mizizi ile ile, mvua zijazo utajua machipukizi ya pale ni ya nani. Kwa Sonchus hila hii haifanyi kazi. Mmea wa mwaka huu umekufa, na kinachoota mwakani ni mbegu iliyoletwa na upepo.

Hata kwenye kigingi, usifyeke. Chuma jani kwa jani, na kila jani litoe utomvu mweupe kwenye kitako lilipokatika. Mbegu za Senecio nazo zina manyoya na hupeperuka. Mche wake unaweza kuota katikati ya mchunga wako bila kukupa taarifa. Jani lisilo na utomvu ondoa, na ondoa pia lililokuwa jirani yake hadi ulihakikishe.

Chemsha, mwaga maji ya kwanza kupunguza uchungu, kisha unga kwa karanga au changanya na mnavu. Mara ya kwanza pika kidogo, bila mboga nyingine ya porini ambayo ni ngeni kwako, na wajawazito na watoto wadogo wasiwe wa kwanza kujaribu. Bakiza majani mabichi machache kwenye mfuko wa karatasi hadi kesho yake. Mtu akiumwa tumbo, mfuko huo uende naye hospitali.